Kipupwe na Njia ya Misafara ya Unyanyembe

Mwenye kutaka kujua jinsi watu wa bara walivyojikinga zamani na mafua na homa zake, asianze kwa kutafuta dawa, bali aitazame kwanza kalenda ya njia. Misafara ya Wanyamwezi iliyoteremka pwani kutoka Unyanyembe, nchi ya Tabora, aghalabu iliondoka baada ya mavuno, masika yalipokwisha na mito kupungua maji, ikatembea katika miezi ile ile ya kipupwe ambamo usiku wa Tabora huwa wa baridi na vifua vya watoto havitulii. Majira ya biashara na majira ya mafua yalikuwa mamoja, na kwa sababu hiyo elimu ya kujihifadhi na baridi ilikuwa sehemu ya elimu ya safari yenyewe, wala hapakuwa na aliyeijua kuliko mpagazi.

Mpagazi huyo alichukua begani kiasi cha frasila mbili za pembe, na mchana jua la Ugogo likamtoa jasho mwili mzima; lakini jua likishazama, upepo wa mashariki uteremkao kutoka milima ya Usagara ulimkuta jasho halijakauka. Basi mizigo ilipotuliwa, kazi ya kwanza haikuwa kula. Wenye mashoka walikwenda kukata matawi na miiba, wengine wakakata nyasi, na kabla ya magharibi boma lilikuwa limezungushwa, vibanda vya nyasi vimesimama, na usiku kila mtu alilala na wenziwe wachache kando ya moto wao, juu ya nyasi kavu zilizotandikwa ili mwili usigusane na ardhi. John Hanning Speke, msafiri Mwingereza aliyeipita njia hiyo mara mbili, ameeleza jinsi wapagazi walivyovua ngozi zao za mbuzi mvua iliponyesha, wakazikunja na kuzihifadhi, wakasimama wazi wakitetemeka. Msomaji wa leo huweza kuliona jambo hilo kuwa ni ujinga, ilhali mimi naliona kuwa ni hekima tupu: mwili uliolowa hukauka motoni kwa muda mfupi, bali ngozi ya mbuzi iliyolowa haimfai mtu usiku ule wala wa pili, na mwenye kulala bila vazi kavu katika pori la Mgunda Mkali huamka hana nguvu ya kubeba mzigo wake.

Mjini hali ilikuwa nyingine. Kazeh, yaani Tabora ya leo, makazi ya Waarabu ambamo mfanyabiashara Snay bin Amir aliwakaribisha Speke na mwenziwe Richard Burton tarehe 7 Novemba 1857, palikuwa na nyumba za tembe, zenye kuta nene za udongo na paa bapa, na moto ukikaa ndani usiku kucha. Tembe ilihifadhi joto vizuri, na hapana shaka wazee walishukuru. Lakini yanipasa niseme wazi kwamba moshi ule na hewa ile iliyofungwa, ambamo mgonjwa mmoja alikohoa kati ya watu wengi, viliwadhuru wengi kuliko baridi yenyewe, kwani kirusi cha homa ya mafua, ambacho wataalamu walikitambua kwa binadamu mwaka 1933, hupita kwa pumzi na mikono. Asali ya miyombo, ivunwayo katika mizinga ya magome, ililambwa kwa kikohozi na ingali ikilambwa, na tangawizi na pilipili manga zilipanda kutoka pwani; hivyo vyote hutuliza koo, navyo ni rehema kwa mgonjwa, lakini havizuii maradhi kuingia.

Kinga kubwa ya njia ile, kwa maoni yangu, ilikuwa ni uzito wa mwendo wake, jambo ambalo hapana aliyelipanga. Burton na Speke waliondoka Kaole, pwani, tarehe 27 Juni wakatumia zaidi ya miezi minne kufika Kazeh, na hata misafara myepesi ilihesabu safari kwa miezi. Homa ya mafua hudhihiri katika siku moja hadi nne. Aliyeichukua Bagamoyo aliugua kabla ya kuiona Mpwapwa, akawaambukiza wenziwe wa karibu, nao wakapona au wakazikwa njiani, na ugonjwa ukakosa pa kwenda kabla ya kuukaribia mji. Ndui haikuzuilika hivyo, kwa kuwa ilijificha mwilini takriban siku kumi na mbili, ikatembea kimya na msafara kijiji hata kijiji. Ndiyo maana wasafiri waliiogopa kuliko maradhi yote.

Kisha ikaja reli, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi ikawa ya siku chache. Mwishoni mwa mwaka 1918, homa kuu iliyokuwa ikizunguka dunia iliposhuka kutoka merikebuni katika bandari zetu, aliyeambukizwa pwani aliweza kuteremka Tabora akijiona mzima. Majuma hayo hayo askari wa Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, waliosalimu amri Abercorn (Mbala ya leo) tarehe 25 Novemba, waliletwa kwa ziwa hadi Kigoma na kwa gari moshi hadi Tabora, wakawekwa pamoja kambini. Na wengi waliookoka vitani miaka minne wakafa huko kwa homa.

Wala haikuwa kipupwe. Ilikuwa majira ya mvua za kwanza, watu wakihitajiwa mashambani, wakati ambao hapakuwa na desturi iliyowafundisha kuogopa mafua. Huko Ugogo, ambako reli ile ile hupita, homa iliwakuta watu wamekwisha kudhoofishwa na njaa waliyoiita Mtunya, tangu majeshi yalipowachukulia ng'ombe, nafaka na vijana wao wa kubeba mizigo.