Glovu za Marehemu

SEHEMU YA NNE

ILIPOISHIA: Novemba 2022, Iringa. Raundi ya tatu nimelala chali, mguu wa kushoto hauna hisia, na Mnyalukolo ameinuliwa mkono. Amevishwa mkanda wa ubingwa ulioshonwa na fundi viatu wa Mwanjelwa. Kisha akarudi kwenye kona yake, akafungua begi, akatoa kitu na kukivaa shingoni. Zilikuwa glovu nyekundu za marehemu baba yangu, zile zilizopotea siku ya msiba.

SASA ENDELEA...

Kwa miezi mitano sikupata usiku hata mmoja ambao sikuziota glovu zile.

Ningezitambua gizani, kwa kuzipapasa tu. Ya kushoto ina mshono kwenye dole gumba, na mshono wenyewe si wa uzi. Ni mshipi wa kuvulia samaki ambao baba alirudi nao kutoka Matema, alipokwenda kusalimia ndugu zake Kyela. Nilikuwa na miaka saba. Nilimshikia kibatari usiku ule akishona, na niliona jinsi alivyohangaika kuyaficha mafundo yote matatu upande wa ndani.

"Kwa nini ndani, baba? Si yatakuumiza wewe?"

"Afadhali yaniumize mimi," alisema. "Unayempiga naye ana ngozi."

Mama nilimuuliza mara moja tu nani alizichukua. Alikuwa anamenya ndizi, na hakuinua uso. "Mwanangu, waliokuwepo usiku ule ndio wanaojua."

Mimi sikuwepo usiku ule baba alipozidiwa. Nilikuwa Tunduma, nimefuata tairi za mtumba kwa ajili ya kibanda changu cha pancha pale Uyole, nikasema nitalala huko kwa sababu mvua ilikuwa kubwa. Aliyekuwepo ni Mnyalukolo. Enzi hizo alikuwa amepanga chumba cha uani kwetu, tunakula sahani moja, tunakimbia pamoja alfajiri. Yeye ndiye aliyembeba baba mgongoni hadi barabarani kutafuta gari. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hili, ila wewe msomaji wangu sikufichi: nusu ya chuki yangu kwake ilikuwa ni aibu.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 2023, Mwalimu alinigongea dirisha kabla hakujapambazuka.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo pia mazoezi?"

"Marahaba. Leo darasani. Vaa sweta."

Tukashuka hadi Mwanjelwa, kwenye kibanda umiza kimoja chenye mabenchi ya mbao na televisheni iliyofungwa kwa minyororo ukutani. Mvua ilikuwa inapiga bati. Vijana kama ishirini walikuwa wameshajikunyata na vikombe vya chai ya tangawizi. Kwetu Pasaka ilikuwa imeshaingia, ila Miami, Marekani, bado ilikuwa Jumamosi usiku, tarehe 8. Israel Adesanya, mzaliwa wa Lagos aliyekulia kwenye ngumi New Zealand, alikuwa anarudiana na Alex Pereira wa Brazil.

"Unajua wamekutana mara ngapi?" Mwalimu aliuliza.

"Mara moja. Mwaka jana."

"Mara tatu. Na zote tatu amepigwa huyu Mwafrika wetu."

Akanihesabia kwa vidole. Mara ya kwanza ilikuwa China mwaka 2016, wote wawili wakiwa bado kwenye ngumi na mateke, na Pereira akachukua kwa pointi. Mwaka uliofuata wakakutana São Paulo. Adesanya alikuwa amemtikisa vizuri tu, ila raundi ya tatu ngumi ya kushoto ikamzungukia na kumzimisha. Akiwa bado sakafuni, mtoto mdogo wa Pereira aliingia ulingoni, akajiangusha kando yake akimwigiza jinsi alivyoanguka. Halafu ikaja ile ya tarehe 12 Novemba 2022, Madison Square Garden, New York, ndani ya kizimba, mkanda wa dunia ukiwa mezani. Baada ya raundi nne Adesanya alikuwa anaongoza kwa pointi. Ya tano akakamatwa kwenye uzio, mwamuzi akasimamisha.

"Novemba," nilisema.

"Novemba. Mwezi ule ule uliopigwa wewe. Ndiyo maana nimekuamsha."

Nilipokuwa nayatazama mabega ya Pereira nilijisikia vibaya, maana yule mtu ni mwenzangu. Alianza kazi ya tairi akiwa bado mtoto, huko kwao. Mikono yake naijua. Ni mikono ya mtu aliyevunja mipira ya malori kwa chuma na nyundo. Kwa asili ningemshangilia yeye. Mwalimu aliliona hilo usoni mwangu, akanibana goti.

"Leo usimtazame fundi pancha mwenzako. Mtazame aliyeshindwa. Anayeshinda huenda kusherehekea, na siku ya pili ameshasahau jinsi alivyoshinda. Anayeshindwa anabaki anayarudia mapigo yale yale usiku kucha. Baada ya mara tatu, hakuna mtu duniani anayemjua Pereira kuliko huyu."

Raundi ya kwanza ilipita. Ya pili, Pereira akaanza kumkata mateke ya kigimbi, mguu ule ule, mahali pale pale. Hapo nilishika mguu wangu bila kujijua. Teke lile halivunji mfupa. Linafuata mshipa wa fahamu unaopita ubavuni, chini kidogo ya goti, na ukiguswa sawasawa unyayo unakufa ganzi. Unakanyaga kama umekanyaga godoro. Adesanya akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa uzio. Akajikunja, mikono juu ya masikio. Kibanda kizima kikaguna. Tuliiona New York ikijirudia.

"Mwisho huo," mtu alisema nyuma yangu.

"Nyamaza," Mwalimu alisema, bila kugeuka.

Pereira aliingia kumaliza. Goti likapanda, ngumi zikafuatana, na mikono yake ikaacha kulinda kidevu, kwa sababu mtu anayemaliza kazi hajilindi. Kutoka ndani ya ule mkunjo ikatoka ngumi ya kulia. Ikampata kichwani. Ikafuata ya kulia nyingine, na bingwa akaanguka kama gunia la viazi linaloteleza kwenye lori. Zilikuwa zimebaki sekunde 39 raundi ya pili iishe.

Watu walikanyaga mabenchi. Chai ilinimwagikia mapajani, wala sikuisikia. Kwenye televisheni Adesanya alikuwa anamrushia mpinzani wake aliyelala mishale mitatu ya mikono mitupu, kisha akamtafuta kwa kidole mtoto wa Pereira pale alipokaa, akajiangusha mgongo mbele yake. Miaka sita alikuwa amelibeba lile.

Mwalimu hakushangilia. "Hapo kakosea," alisema taratibu. "Mtoto hana deni."

Tulipotoka, kwaya ya Wamoraviani ilikuwa imeanza kuimba ufufuo, na Mlima Loleza ulikuwa umevaa ukungu hadi kiunoni. Nilikuwa natetemeka, na si kwa baridi. Mlango nilikuwa nimeuona.

Wiki mbili tuliufanyia kazi mlango ule. Asubuhi nilikuwa nageuza ugoko nje kulipokea teke, mara mia kila mguu, hadi ngozi ikawa na rangi ya zambarau. Jioni Mwalimu alinibana kwenye ukuta wa gereji, akinipiga kwa mto wa mazoezi, nami kazi yangu ilikuwa moja: nijikunje, nionekane nimeisha, nisubiri mikono yake iachane na kidevu. Nilipowahi kidogo tu alinizaba kofi. "Subiri! Njaa yake ndiyo itakayomfungua, si nguvu zako."

Pambano lilipangwa sikukuu ya Idi, Iringa. Mama alinifungia ndizi na kande kwenye kontena. Nilimwomba tufuatane. Akasema atabaki, ana mgonjwa wa kumtazama kanisani. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanitazama muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Ndaga, mwanangu," alisema, kana kwamba mimi ndiye niliyempa kitu.

Basi lilipita Igurusi, Chimala, Igawa. Makambako watu wakashuka kununua mahindi. Baada ya hapo ni misitu ya misonobari ya Sao Hill, na kando ya barabara madumu ya ulanzi, maana masika ndiyo msimu wake. Mwalimu alikuwa kimya hadi tulipoipita Ifunda, ndipo akaanza kuzungumza akiwa anatazama nje.

"Watakuimbia Lugalo ukumbini. Usikasirike, ni haki yao. Tarehe 17 Agosti 1891 Mkwawa alimmaliza Zelewski pale, yule waliyemwita Nyundo. Wajerumani walipigwa kipigo ambacho hawakukitarajia Afrika. Ila wewe kumbuka Kalenga. Miaka mitatu walikaa wanajiuliza walikosea wapi. Tarehe 30 Oktoba 1894 wakarudi na mizinga, boma likaanguka."

Moyo ulinikataa. "Mwalimu, unanipa mfano wa Mjerumani? Mkwawa alikufa asishikwe."

"Ndiyo. Alitoroka, akawasumbua miaka minne mingine, na mwaka 1898 alijipiga risasi kuliko kushikwa. Namheshimu kuliko unavyodhani. Lakini nakuuliza wewe: kati ya Lugalo na Kalenga, nani alikuwa anajifunza?"

Sikumjibu. Tulikuwa tumeshafika Ipogolo, basi linaanza kuipanda ile kona kuelekea mjini.

Kwenye mizani Mnyalukolo alinijia akiwa na kaptula tu, mrefu, mkavu, mbavu zinahesabika. Tulisoma kilo 63 wote wawili.

"Kamwene, mwanangu," alisema.

Miaka miwili tuliyoishi nyumba moja alinisalimia hivyo kila asubuhi. Nilimpita.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kizimba kilikuwa cha kuchomelea, mabomba ya mraba na waya wa uzio, chini mikeka ya judo. Raundi tatu za dakika tano. Glovu zetu zilikuwa zile ndogo za vidole wazi, za aunsi 4, ambazo hazifichi kitu. Kila ngumi inafika na mifupa yake.

Kengele ikalia, na teke la kwanza likaja kabla sijatoa pumzi, kigimbi kile kile. Ugoko ukalipokea. La pili ugoko ukalipokea, na nilimwona akikunja uso. La tatu likapita. Ukumbi ukaimba. Nilimpa ngumi mbili za tumbo, akanipa moja ya sikio iliyofanya taa za dari ziwe nne. Raundi ikaisha sawa kwa sawa.

"Sasa," Mwalimu aliniambia kwenye kona, akinimwagia maji. "Chechemea."

Raundi ya pili nilichechemea. Haikuwa uongo wote. Nikamwachia teke moja liingie, nikarudi nyuma, nikarudi tena, hadi waya ukanigusa mgongo, wa baridi. Nikajikunja, mikono juu ya masikio. Kwenye tundu kati ya viwiko viwili nilimwona akija. Bega la kulia nilikuwa nimeshalikaza kama upinde. Njoo, nilisema moyoni. Njoo umalize.

Akasimama hatua moja mbele yangu.

Hakupiga. Aliingia taratibu, akanikumbatia, akanigandamiza kwenye waya, kidevu chake juu ya bega langu. Alikuwa ananuka mafuta ya kuchulia, yale yale ya baba.

"Hata mimi niliamka Pasaka," alininong'oneza. "Nimeliona hilo unalolisubiri."

Mwili wangu wote ulipoa.

"Sikuziiba," aliendelea, pumzi fupi fupi. "Usiku ule alikuita wewe. Akaita tena. Hukuwepo, ikabidi aniambie mimi. Alisema nizirudishe siku utakaponishinda. Lakini kuna neno lingine, nalo alisema usilijue kamwe. Nimechoka kulibeba, mwanangu."

Mwamuzi aliingiza mkono kati yetu. "Achaneni! Haya, pigana!"

Mnyalukolo akarudi hatua moja, akashusha mikono yote miwili hadi mapajani. Kidevu kikawa wazi, mchana kweupe. Mwalimu alikuwa anapayuka hadi sauti inakatika: "Sasa! Sasa, mpige!" Na ngumi ya kulia, niliyoifunga miezi mitano, ilikuwa imeshaondoka begani.

Ndipo nilipomwona, nyuma ya waya, juu ya bega la Mnyalukolo. Alikuwa amesimama kwenye kona yake, kitenge kile kile alichonisindikizia alfajiri, na mikononi amezishika glovu nyekundu, ya kushoto imefumuliwa mshono.

Mama.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

Je, ngumi imefika? Na ndani ya dole gumba la glovu kulifichwa nini miaka yote hiyo? Usikose sehemu ya tano.