Mzaha, Uongo na Imani ya Wananchi



Siku hizi mashine ziitwazo akili mnemba zaweza kuunda sauti na sura ya kiongozi yeyote, akaonekana akitamka maneno ambayo kamwe hakuyatamka. Wengine huzitumia kwa kejeli ya kisiasa, watu wacheke. Wengine kwa hila. Wapo wanaodhani kwamba jambo hili ni jipya kabisa. Historia ya mashariki ya Uganda yatufundisha vingine.

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin aliwahutubia askari kambini Tororo, akatangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza watatolewa nchini. Muda uliowekwa ulikuwa siku 90. Wengi wao hawakuamini. Walikwisha kuyazoea maneno ya ajabu ya mtawala huyo, wakayahesabu na haya kuwa mzaha utakaopita. Ilipofika Novemba, wafanyabiashara wa Jinja na Mbale walikuwa wamekwisha kuyaacha maduka yao na nyumba zao. Februari 1973, watu waliohukumiwa na mahakama ya kijeshi walipigwa risasi hadharani katika miji kadhaa, Mbale ukiwa mmojawapo.

Wakati huo, mjini London, mwandishi Alan Coren alikuwa akitunga katika jarida la Punch taarifa za kubuni, kana kwamba zimetoka kinywani mwa Amin mwenyewe. Zilikusanywa kitabuni mwaka 1974, na mwaka 1975 mwigizaji John Bird akazitoa katika santuri. Waingereza walicheka sana. Lakini Januari 1974 Amin alikuwa amemwarifu Waziri Mkuu Edward Heath kwamba wananchi wa Kigezi wamechanga lori zima la mboga na ngano kuisaidia Uingereza, na kwamba ndege iletwe kuvichukua. Habari hii ilikuwa ya kweli. Je, msomaji aliye mbali angewezaje kupambanua iliyotungwa na iliyotukia?

Hapo ndipo ilipo hasara. Mtu aliyekwisha kufanywa kichekesho haogopwi, na wanaomlalamikia hawasikilizwi upesi. Henry Kyemba, aliyekuwa Waziri wa Afya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1977 jinsi maiti zilivyokuwa zikiopolewa mtoni Nile karibu na bwawa la Owen, pale pale Jinja. Wahenga walisema: mzaha mzaha, hutumbua usaha.

Ndugu askari, hatari ya leo ina pande mbili. Upande wa kwanza ni uongo kusadikiwa: sauti bandia ya kamanda yaweza kutoa amri usiku, na kikosi kikaondoka. Upande wa pili ni mzito zaidi, nao ni ukweli kukanushwa. Mkosaji aliyepigwa picha akitenda uovu atasema, "Hiyo ni kazi ya mashine," na wananchi waliokwisha kuchoshwa na picha za uongo watashindwa kumpinga.

Kwa hiyo, amri yoyote iliyokuja kwa njia isiyo ya kawaida ithibitishwe kwa aliyeitoa kabla ya kutekelezwa. Aidha, polisi hana budi kupambanua kejeli na udanganyifu. Kejeli hujitambulisha, nayo ni haki ya raia. Udanganyifu hujificha ili upate kudhuru. Januari 2023, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi. Basi, kuudhika kwa mkubwa peke yake si sababu ya kumtia mtu pingu.

Amin hakuangushwa na vichekesho vya London. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiharibu thamani ya neno la serikali, hata raia wakawa hawajui lipi la kuamini. Imani hiyo hulindwa kwa kusema kweli kila siku, tangu Ikulu hadi kituo kidogo cha polisi kijijini.