Dungu Kabla ya Hifadhi

Anayetaka kutazama ndege kusini mwa Tanzania siku hizi huelekezwa Lukwika-Lumesule, pori la akiba kando ya mto Ruvuma, katika eneo lililokuwa la wilaya ya Masasi kabla Nanyumbu haijamegwa. Ndiyo maana wengi hudhani utazamaji huo uliletwa na hifadhi na wageni wenye darubini. Mimi naona ulianzia shambani, na kilichoamua nani awajue ndege ni zao lililopandwa.

Mtama hauna ganda la kuuficha. Punje zikishatia maziwa mwishoni mwa kifuku, chiriku na mnana hushuka kwa makundi, hasa alfajiri na jioni, na wasipowingwa huacha masuke matupu. Hapo watoto walipanda dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mtama, wakaamia kwa kombeo, kelele na kugonga chochote kinacholia. Atasema mtu: huko ni kufukuza, si kutazama. Lakini huwezi kuliwahi kundi usilojua linatokea upande gani na linatua mti upi kwanza. Mlinzi alijifunza pia kutofautisha: kwezi aliye mtini akila matunda hamhusu, na kipanga akipita chini chini humsaidia kazi, maana kundi zima hutawanyika. Uadui nao hufundisha kutazama, pengine kuliko mapenzi.

Maarifa hayo hayakuandikwa, na hapo ndipo hoja hii huonekana dhaifu. Hata hivyo, tunao ushahidi wa jirani. C.J.P. Ionides, aliyeitwa Bwana Nyoka, aliifanya Newala kuwa mahali maarufu pa kukamatia nyoka katikati ya karne iliyopita, na alitegemea wanakijiji wampelekee habari za nyoka waliomwona na mahali alipo. Sifa zikaenda kwa mkamataji. Macho yalikuwa ya wakulima. Sioni kwa nini macho yaliyomtambua nyoka kwenye majani yashindwe kumtambua mwewe angani.

Kilichodhoofisha shule hiyo ya dunguni ni mihogo na mikorosho. Muhogo uko chini ya udongo, hauna haja ya mlinzi wa ndege. Korosho ilienea kiasi kwamba Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 msimu wa 1973/74, nyingi zikitoka kusini. Wapo watakaosema watoto waliondolewa dunguni na elimu ya msingi kwa wote ya mwaka 1977. Ni kweli kwa sehemu, na hakuna wa kulilia utoro. Ila palipobaki mtama au mpunga watoto waliendelea kuamia baada ya masomo. Palipobaki mikorosho tu, hapakuwa na cha kuamia.

Hifadhi ina haki yake. Tumbusi anahitaji mizoga isiyotiwa sumu na eneo pana, na shamba haliwezi kumpa hayo. Lakini kozi wa Amur, anayevuka Bahari ya Hindi na kuingia Afrika Mashariki kwenye Novemba na Desemba, hufuata kumbikumbi popote mvua inapowatoa, hata juu ya mikorosho. Nao tai wanaoelea ukingoni mwa Shimo la Mungu, Newala, hubebwa na upepo unaopanda genge. Hawahitaji lango wala kiingilio. Wakihesabiwa porini peke yake, hesabu itakuwa pungufu.