Historia ya Seli za Homoni za Utumbo

Seli zinazotengeneza homoni katika tumbo na utumbo wa wanyama zilionekana kwa hadubini miaka thelathini na zaidi kabla ya kujulikana kwamba utumbo hutoa homoni. Mwaka 1870 Rudolf Heidenhain, mtaalamu wa fiziolojia wa Breslau, aliuloweka utando wa ndani wa tumbo la sungura na la mbwa katika chumvi ya kromiamu, akaona seli chache zimegeuka manjano, zimetawanyika moja moja kati ya seli za kawaida. Mwaka 1897 Nikolai Kulchitsky wa Kharkiv alizikuta kwenye utumbo pia. Chembechembe zilizojaa ndani yake zilirundikana upande wa chini wa seli, karibu na mishipa ya damu, si upande wa juu kinakopita chakula. Kwa macho ya leo dalili hiyo inatosha: kinachotoka humo kinaingia kwenye damu. Wakati ule haikusomwa hivyo.

Elimu ya umeng'enyaji siku hizo ilikuwa chini ya kivuli cha Ivan Pavlov wa St Petersburg, aliyefundisha kwamba kongosho huamriwa na neva. Tarehe 16 Januari 1902, William Bayliss na shemeji yake Ernest Starling, wa University College, London, walimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakakata neva za kipande cha utumbo mdogo na kukiacha kimeshikamana na mwili kwa mishipa ya damu tu. Walipotia asidi humo, kongosho lilitoa maji yake vilevile. Starling akakwangua utando wa ndani, akausaga kwa mchanga na asidi, akauchuja, kisha mchujo ukadungwa kwenye mshipa wa mbwa. Haukupita muda mrefu kongosho likaanza kudondosha. Kitu hicho kiliitwa sekretini, na mwaka 1905 Starling alilitoa neno homoni katika mihadhara yake. Pavlov, baada ya jaribio hilo kurudiwa katika maabara yake, alikubali.

Ikawa watu wa hadubini wana seli isiyo na kazi, na watu wa fiziolojia wana homoni isiyo na seli. Pierre Masson, Mfaransa aliyezitia seli hizo rangi kwa chumvi ya fedha, alisema mapema, mwaka 1914, kwamba zikijumlishwa ni tezi ya homoni iliyosambaa. Hakupata wafuasi wengi. Cha ajabu zaidi, Kulchitsky mwenyewe, aliyewahi kuwa waziri wa elimu wa serikali ya mwisho ya mfalme wa Urusi, aliikimbia nchi yake baada ya mapinduzi na kumalizia kazi University College hiyohiyo, hadi kifo chake mwaka 1925.

Ugumu wa kuoanisha seli na homoni ulikuwa wa kweli. Tezi ya shingo inaweza kukatwa na mnyama akatazamwa amepungukiwa na nini. Seli hizi ni takriban moja katika kila mia ya seli za utando, na hakuna kisu cha kuzitenga. Gastrini, homoni ya tumbo inayochochea asidi, aliyoitangaza John Edkins mwaka 1905, ilitiliwa shaka kwa miongo mingi kwa sababu kemikali nyingine, histamini, nayo huchochea asidi hiyo. Ni mwaka 1964 tu Roderic Gregory na Hilda Tracy, Liverpool, walipoisafisha kutoka matumbo ya nguruwe. Sekretini safi ilikuwa imepatikana Stockholm miaka michache kabla, mikononi mwa Erik Jorpes na Viktor Mutt, nayo kutoka utumbo wa nguruwe.

Homoni safi ziliwezesha kutengeneza kingamwili zinazozinasa homoni hizo na kung'aa chini ya hadubini. Kwa njia hiyo seli za gastrini zilitambuliwa mwaka 1968, na za sekretini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hoja ya mwanasayansi Anthony Pearse kwamba seli hizi zina asili moja na neva haikudumu kwa upande wa utumbo: majaribio ya Nicole Le Douarin ya kuchanganya viinitete vya kuku na kware yaliipinga, na mwaka 1974 watafiti Cheng na Leblond walionyesha kwa panya kwamba zinazaliwa na seli mama zilezile zinazozaa utando wote.

Moja ya jamii za seli hizi, seli za L, zilizo nyingi upande wa mwisho wa utumbo, hutoa GLP-1, homoni inayoongeza insulini baada ya mlo. Mwaka 1992 John Eng wa New York alieleza kemikali inayofanana nayo katika sumu ya mjusi wa jangwa la Amerika Kaskazini, na mwaka 2005 dawa ya kisukari iliyotokana nayo iliidhinishwa Marekani.