Gari dogo na lita moja ya petroli: safari ndefu hadi Ifakara

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

KATIKA kioo cha nyuma cha magari mengi madogo yanayosubiri abiria mjini Ifakara kuna kibandiko chenye maandishi ya Kijapani. Wenye magari hukiacha kama kilivyokuja, au hukibandua siku ya kuosha gari. Ni wachache wanaojua kwamba kinahusu mfuko wao.

Kibandiko hicho hueleza kwamba gari, lilipotoka kiwandani, lilitimiza kiwango cha matumizi ya mafuta kilichowekwa na Serikali ya Japani. Tarakimu 22 humaanisha mwaka wa 22 wa enzi ya Heisei, yaani 2010; tarakimu 27 ni mwaka 2015. Penye alama ya kujumlisha na asilimia, gari lilikivuka kiwango kwa kiasi hicho.

Chanzo cha viwango vya namna hiyo ni msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, pale nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta na bei ikapanda takriban mara nne katika miezi michache. Tanzania iliuonja uchungu huo na ule uliofuata mwaka 1979. Wazee wanakumbuka enzi ambazo magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, ili kuokoa petroli iliyonunuliwa kwa fedha za kigeni.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 iliwabana watengenezaji. Kwa mujibu wa Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo, gari jipya mwaka 1975 lilikwenda wastani wa kilomita 5.6 kwa lita moja. Kufikia mwaka 1987 wastani ulikuwa kilomita 9.4. Kisha mafuta yakashuka bei, watu wakapenda magari makubwa, na mwaka 2004 wastani ukarudi hadi kilomita 8.2. Magari ya mwaka 2023 yalifikia kilomita 11.5. Takriban nusu karne, basi, kwa ongezeko la mara mbili tu.

Kwa nini polepole hivyo? Jibu la kwanza ni injini yenyewe. Katika lita moja ya petroli, ni robo hivi, na mara nyingi pungufu ya hapo, inayofika kwenye magurudumu kuyasukuma. Sehemu kubwa hupotea kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Hakuna aliyegundua dawa moja ya upotevu huo. Kilichofanyika ni kuokoa asilimia chache hapa na chache pale.

Kabureta, iliyomimina petroli kwa kukisia, iliondolewa, na nozeli zinazoongozwa na kompyuta zikachukua nafasi yake. Katikati ya miaka ya 1990 Toyota ilileta mfumo wa VVT-i, ambao hubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu kulingana na mwendo. Herufi hizo zinasomeka hadi leo kwenye injini nyingi zinazofunguliwa katika gereji za Kilombero. Desemba 1997 kampuni hiyo ikaanza kuuza Prius, gari linalotumia petroli pamoja na umeme, na ambalo hurudisha kwenye betri sehemu ya nguvu inayopotea wakati wa kufunga breki. Serikali ya Japani nayo ikaja na utaratibu wa kulichukua gari bora katika kila kundi la uzito na kulifanya kipimo ambacho mengine yote yalipaswa kukifikia baada ya miaka kadhaa.

Jibu la pili ni wanunuzi. Kila injini ilipoboreshwa, sehemu ya faida ililiwa na uzito, kiyoyozi na nguvu zaidi.

Maboresho hayo hufika bonde la Kilombero yakiwa na umri. Magari mengi ya hapa yameagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, hivyo teknolojia ya leo ya kiwandani ni ya Ifakara ya miaka mingi ijayo. Kodi nayo imekuwa na sura mbili. Ushuru wa bidhaa umekuwa ukipangwa kwa ukubwa wa injini: isiyozidi cc 1,000 haitozwi, inayozidi hapo hadi cc 2,000 hutozwa asilimia 5, na kubwa zaidi asilimia 10. Hilo humvuta mnunuzi kwenye gari dogo. Ipo pia tozo ya uchakavu kwa magari yaliyozidi miaka minane, lakini gari la zamani huwa rahisi mno huko litokako kiasi kwamba wengi huona heri kulipa tozo hiyo.

Kipimo cha kwenye kibandiko, hata hivyo, kilipatikana maabara, juu ya magurudumu ya mashine. Hakuna tope la masika wala shimo. Kila dereva anapokanyaga breki mbele ya shimo, mwendo alioulipia kwa petroli hugeuka kuwa joto, kisha huununua upya kwa gia ya chini. Kwa miaka mingi lami ilikomea Kidatu, na kilomita 66.9 zilizobaki hadi Ifakara zilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika.

Barabara hiyo ya lami ilifunguliwa rasmi mwaka 2024. Kwa hesabu ya mfano, kutoka Ifakara hadi Mikumi ni kilomita zipatazo 100. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita hutumia lita 12.5, likifikisha kilomita 14, hutumia lita 7 na ushei. Petroli ikiwa shilingi 3,000, tofauti ni zaidi ya shilingi 16,000 kwa safari moja ya kwenda, na hapa bei kikomo ya EWURA huwa juu kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya gharama ya usafirishaji.

Lami ina mtego wake. Dereva anayetoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa huongeza ukinzani wa upepo karibu mara mbili, na faida aliyopewa na barabara huanza kumponyoka. Matairi yasiyo na upepo wa kutosha, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi na plagi zilizochoka humaliza sehemu nyingine.

Ng'ambo ya Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384 na lililofunguliwa mwaka 2018 mahali pa kivuko, hesabu hubadilika tena. Kuelekea Lupiro, Mahenge na Malinyi, kama ilivyo upande wa Mlimba, sehemu kubwa ya njia ni udongo, na mvua ikinyesha gari lenye kibandiko na lisilo nacho hukwama pamoja.