Mpiga Besi na Sifa za Wasikilizaji

Kila mahali penye muziki kuna desturi moja. Wimbo ukiisha, watu husogea mbele ili wasifu. Wanamshika mkono mwimbaji, kwa kuwa uso wake wameuona na maneno yake wameyasikia. Wanampongeza mpiga gitaa, kwa kuwa vidole vyake vimekimbia mbele ya macho yao. Lakini yuko mwingine aliyesimama nyuma, karibu na ngoma, mwenye gitaa la nyuzi nne nene. Huyo anakunja waya zake peke yake. Ndiye mpiga besi. Pengine mtu mmoja anamfikia na kumwambia: «Ndugu, leo umetupigia vizuri.» Neno hilo moja hulikumbuka hata mwezi mzima.

Wasomaji wapenzi, tunataka kueleza hapa historia ya sifa za namna hiyo: kwa nini ni chache, zilimfikia nani, zilimkosa nani, na sisi wakristu tufanye nini nazo. Jambo laonekana dogo, lakini ndani yake mna deni, na deni ni jambo la haki.

Kazi ya besi

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Besi ni sauti ya chini kupita zote katika orkestra. Uzi wake mnene kuliko yote hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na sikio la mtu huanza kusikia karibu na mara 20. Maana yake sauti ya besi inakaa karibu na mpaka wa masikio yetu. Kifua na miguu huipokea kabla ya akili kuitambua.

Mpiga besi ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Anashikana na ngoma ili mwendo usipotee, tena anawapa waimbaji noti ya kusimamia. Wanakwaya wa parokia zetu wanalijua jambo hili. Wanaume wa sauti ya nne wakikosa kuja Jumapili moja, wale wa sauti ya kwanza hawajui tena wasimame wapi. Waumini wanaona tu kwamba leo wimbo umepungua kitu, wala hawawezi kusema ni kitu gani.

Zamani besi ilikuwa chombo kikubwa cha mbao, kirefu kuliko mtu. Kukibeba ilikuwa taabu, na tarumbeta na ngoma zikianza, hakikusikika tena. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa California katika Marekani, alianza kuuza gitaa la besi la umeme, akaliita Precision Bass. Tangu hapo mpiga besi akaweza kusikika mpaka mwisho wa ukumbi. Lakini kusikika si kujulikana. Redio ndogo za nyumbani hazikuweza kutoa vizuri sauti za chini. Watu wengi waliupenda wimbo na kuyashika maneno yake, wasitambue hata kidogo kwamba mlikuwa na besi ndani.

Kwa sababu hiyo sifa za mpiga besi zina namna ya pekee. Mara nyingi humjia bila jina lake kutajwa. Mchezaji wa dansi hasemi, «Besi ilikuwa nzuri.» Asema, «Leo sikuweza kukaa kitini.» Amemsifu mpiga besi, naye mwenyewe hajui kama amemsifu.

Mfano wa kwetu

Tuanze nyumbani. Hakuna Mkongomani asiyeujua wimbo «Indépendance Cha Cha». Ulizaliwa Bruxelles, mwezi wa Januari 1960, wakati wa mkutano wa Table Ronde, wajumbe wetu walipokuwa wakizungumza na Wabelgiji juu ya uhuru. Ndipo ikawekwa siku ya 30 Juni 1960. Joseph Kabasele alikwenda huko na orkestra yake, African Jazz, kuwachangamsha wajumbe.

Ukiuliza ni nani aliyeimba, utajibiwa upesi: Kabasele, na pamoja naye Vicky Longomba. Ukiuliza ni nani aliyepiga gitaa, utajibiwa: Nico, na Dechaud ndugu yake. Lakini uliza ni nani aliyepiga besi: wengi watanyamaza. Aliitwa Brazzos. Yeye na Vicky walitoka katika orkestra nyingine, OK Jazz, wakaungana na wenzao kwa safari ile. Wimbo ulivuka mipaka, ukachezwa katika nchi nyingi za Afrika ambazo nazo zilikuwa zikingojea uhuru. Watu waliufuata mkono wa Brazzos kwa miguu yao. Wachache waliliuliza jina lake.

Hatusemi hivyo ili kumpunguzia Kabasele heshima yake. Alistahili kusifiwa, naye alisifiwa. Tunasema tu kwamba waliosafiri walikuwa wengi, na asante iliwafikia baadhi yao tu.

Mtoto wa South Carolina

Mfano mkubwa zaidi uko Marekani, katika mji wa Detroit, mji wa viwanda vya motokaa. Huko aliishi James Jamerson, ambaye leo wapiga besi wa dunia humhesabu kuwa mwalimu wao.

Alizaliwa tarehe 29 Januari 1936 katika South Carolina, akakulia pande za kisiwa cha Edisto na mji wa Charleston. Watu weusi wa pwani ile ni wajukuu wa watumwa, na wengi wa mababu zao walichukuliwa kutoka pande za Kongo na Angola. Yasimuliwa kwamba Jamerson alipokuwa mtoto alifunga mpira wa kuvutika juu ya kijiti, akakisimika penye shimo la sisimizi, akaupiga kwa kidole akitaka sisimizi wacheze. Hao ndio wasikilizaji wake wa kwanza, nao sisimizi hawamsifu mtu.

Mwaka 1954 alikwenda na mama yake kukaa Detroit. Shuleni huko akaikuta ile besi kubwa ya mbao, akaanza kuipiga, kisha akaipiga katika vilabu vya jazz. Mwaka 1959 kijana mmoja, Berry Gordy, aliazima dola 800 kwa jamaa yake, akaanza kampuni ya santuri iliyojulikana baadaye kwa jina la Motown. Studio yake ilikuwa katika nyumba ya kawaida, njia ya West Grand Boulevard. Chumba cha wapigaji kilikuwa chini, chembamba, cha moshi wa sigara, wenyewe wakakiita Shimo la Nyoka. Wapigaji hao ndio walioitwa The Funk Brothers, na Jamerson alikuwa mmoja wao. Aligusa nyuzi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kuume, na wenzake wakakipa kidole hicho jina la Kulabu.

Kazi iliyotoka katika shimo hilo iliizunguka dunia. «My Girl» ya The Temptations ilitoka mwisho wa mwaka 1964, ikashika nafasi ya kwanza katika Marekani mwaka 1965. Chombo cha kwanza kusikika humo ni besi: noti chache tu, nazo zatosha kumfanya mtu aseme, «Wimbo huu naujua.» Katika «Bernadette» ya Four Tops, mwaka 1967, besi yake haitulii. Inapanda na kushuka na kumjibu mwimbaji kama mtu wa pili anayeimba.

Sasa tazameni maisha yake yalivyogawanyika. Usiku, katika vilabu vya Detroit kama Chit Chat Lounge, watu waliweza kumwona akipiga, wakamwendea na kumsifu mkono kwa mkono. Mchana alifanya kazi iliyosikilizwa na mamilioni, na katika mamilioni hao hakuna aliyeweza kumsifu, kwa maana hakuna aliyemjua. Katika miaka ile santuri za Motown zilionyesha jina na picha ya mwimbaji, bila majina ya wapigaji. Paul McCartney wa The Beatles, naye mpiga besi, amesema kwamba Jamerson alikuwa shujaa wake wakati jina lake hata hajalijua. Fikirini hilo: mtu anakusifu moyoni mwake ng'ambo ya bahari, na hawezi hata kukuandikia barua.

Sifa zilizochelewa

Mwaka 1971 Marvin Gaye alitoa santuri yake «What's Going On». Mara hii majina ya wapigaji yaliandikwa juu ya kifuniko, na kando ya jina la Jamerson likawekwa neno la kusema kwamba hana mfano wake. Ilikuwa miaka kumi na zaidi tangu alipoanza kazi.

Mwaka 1972 kampuni ilihamia Los Angeles. Jamerson aliifuata mwaka 1973, lakini huko kazi ilipungua, na pombe, iliyokuwa imemshika tangu zamani, ikazidi kumtawala. Mwezi wa Machi 1983, katika mji wa Pasadena, zilifanyika sherehe za miaka 25 ya Motown, zikapigwa picha kwa televisheni. Waimbaji walipanda jukwaani mmoja mmoja, na watu wakasimama na kupiga makofi. Jamerson hakualikwa. Alinunua tikiti kama mtu yeyote, akakaa juu, mbali na jukwaa, akawatazama wenzake wakisifiwa kwa nyimbo alizozipiga yeye. Tarehe 2 Agosti mwaka uleule akafa. Alikuwa na miaka 47.

Baada ya hapo sifa zilikuja kwa wingi. Mwaka 1989 kilitoka kitabu juu ya maisha yake na namna yake ya kupiga. Mwaka 2000 aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, nyumba ya heshima ya wanamuziki. Mwaka 2002 ilitoka filamu juu yake na wenzake. Vyote hivyo ni vizuri, na watoto wake wamefurahi. Lakini aliyepaswa kuvipokea hakuwapo.

Hatusemi kwamba alikufa kwa kukosa sifa. Ulevi ni adui mkali, naye huwaua hata wanaosifiwa kila siku. Twasema tu kwamba asante ilikuwapo, mamilioni walikuwa nayo moyoni, na ilicheleweshwa mpaka ikafika kaburini.

Tufanye nini?

Wengine watauliza: je, mkristu atafute sifa? La. Bwana wetu alitukataza kufanya mema ili tutazamwe na watu. Lakini alikataza kutafuta sifa, hakukataza kushukuru. Kumbukeni wale wakoma kumi wa Evanjili ya Mtakatifu Luka. Wote waliponywa, mmoja tu akarudi kushukuru, na Yesu akauliza wale tisa wako wapi. Kama Mwana wa Mungu aliuliza, sisi tusione kuwa jambo la bure. Naye Mtakatifu Paulo, akieleza viungo vya mwili, alifundisha kwamba viungo tunavyoviona vya chini ndivyo tuvipe heshima zaidi.

Basi, kwa wasikilizaji tunasema maneno mawili. La kwanza: msichelewe. Asante ya leo isingoje mazishi. La pili: semeni kile mlichokisikia. Kumwambia kila mtu «vizuri, vizuri» ni adabu tu. Bali ukimwambia mpiga besi, «Katika wimbo wa pili, pale waimbaji waliponyamaza, wewe ulituvusha,» atajua kwamba masikio yako yalikuwa pamoja naye. Uongo usiingie humo. Anayesifu kazi mbaya amemwibia mpigaji nafasi ya kujifunza.

Kwa wapiga besi nao tuna neno. Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa isikufanye uongeze noti nyingi ili watu wakutazame. Ulisifiwa kwa sababu uliwabeba wengine, basi endelea kuwabeba. Lakini usiitupe sifa pia. Wako wanaojibu, «Hapana, leo nimepiga vibaya,» wakidhani huo ni unyenyekevu. Kwa kweli wanamwaibisha mtu aliyejipa moyo kuja mpaka nyuma kuwasalimu. Jibu fupi linatosha: «Asante, ndugu. Nitawaambia na wenzangu.» Kwa jibu hilo sifa inafika kwako, inawafikia wenzako, na inaendelea mpaka kwa Mungu aliyetoa kipaji.

Tena wapiga besi hawako katika orkestra tu. Katika kila parokia wako watu wa sauti ya chini: yule anayepiga kengele alfajiri, mama anayefua nguo za altare, katekista wa kijiji cha mbali ambaye jina lake halitajwi siku ya sikukuu. Kazi yao tunaitambua siku wanapokosekana. Jumapili hii, Misa ikiisha, kabla hatujamwendea yule anayesifiwa na wote, tupite kwanza nyuma.