Mzozo wa forodha na mamlaka ya makabila nchini Omani

Mzozo wa forodha wa Omani ni mvutano kati ya masultani wa Maskati, waliozikalia bandari, na makabila ya bara, yaliyotii masheikh wao na, kuanzia 1913, Imamu wa kuchaguliwa. Kilele chake ni Mkataba wa Sib wa tarehe 25 Septemba 1920. Mara nyingi husimuliwa kama ugomvi wa dini, Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi waliotaka Imamu dhidi ya sultani wa kurithi. Dini ilikuwamo, tena kwa nguvu. Lakini ukiyasoma masharti ya mkataba wenyewe, la kwanza kabisa ni la ushuru.

Chanzo chake kiko kwenye mgawanyo wa dola ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Zanzibar aliyefariki mwaka 1856. Uamuzi wa 1861 wa Lord Canning, gavana mkuu wa India ya Kiingereza, uliitenga Zanzibar na Maskati. Unguja ikabaki na karafuu na pembe za ndovu, na ikatakiwa kuilipa Maskati reale 40,000 za Maria Theresa kila mwaka, deni ambalo baadaye Serikali ya India ya Kiingereza ililibeba yenyewe. Kwa hiyo sultani wa Maskati aliishi kwa vitu viwili, ruzuku iliyopitia mikononi mwa Waingereza, na forodha. Na hiyo forodha ilikuwa imefungwa mkono mmoja: mikataba na Marekani (1833) na Uingereza (1839) ilikuwa imeweka ushuru wa bidhaa zao kuwa asilimia 5, wala sultani hakuweza kuupandisha peke yake. Kilichobaki huru kutozwa zaidi ni mali iliyoteremka kutoka bara.

Ukusanyaji wenyewe ulikuwa ukikodishwa. Kama nyumba ya Jairam Shivji ilivyokodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi, ndivyo Baniani mwingine, Ratansi Purshottam, alivyoikodi ya Maskati. Mkodishwaji humlipa mtawala kiasi walichopatana, kisha hukusanya mwenyewe, na kinachozidi ni chake. Mtindo huo ulimpa sultani fedha za uhakika bila karani wala askari, ila ulimfanya mtu wa bara akutane na dola kupitia mfanyabiashara tu. Mwaka 1899 Sultan Faisal bin Turki aliirudisha forodha mikononi mwake.

Upande wa bara, njia kuu ya kwenda baharini ni bonde la Samail, linalopenya milima ya Hajar. Ngamia waliteremka na tende, zikiwamo fardhi za Samail zilizosafirishwa hadi Marekani, pamoja na makomamanga ya Jabal Akhdar, na wakapanda na mchele, nguo, kahawa na risasi. Kila kabila lililopakana na njia lilidai haki ya kutoza wapitao na kuwapa ulinzi. Sheikh aliyeshindwa kulinda msafara aliaibika mbele ya watu wake, na aliyetozwa kupita kiasi forodhani aliona ni mwenye bandari anayekula haki yake. Kwa macho ya makabila, sultani alikuwa mtoza njia mmoja zaidi, aliyebahatika kukaa mwisho wa safari, mahali pasipo na pa kumkwepa. Mwaka 1895 wapiganaji wa bara waliuvamia mji wa Maskati, na Faisal akalazimika kujihami ndani ya ngome.

Kilicholeta moto mkubwa zaidi ni bunduki. Maskati ilikuwa soko kuu la silaha, nyingi zikivushwa hadi Afghanistan na mpaka wa India, jambo lililowakera Waingereza. Mwaka 1912, kwa shinikizo lao, Faisal alifungua ghala la silaha: kila bunduki iliyoingia iwekwe humo, isitoke bila kibali. Sultani alilipwa fidia. Masheikh, ambao bunduki kwao ni heshima na usalama, hawakulipwa chochote.

Mei 1913, huko Tanuf, wanazuoni na masheikh walimchagua Salim bin Rashid Al-Kharusi kuwa Imamu. Msukumo wa kielimu ulitoka kwa Nur al-Din Abdullah Al-Salimi, mwanachuoni kipofu. Wa kisiasa, kwa Himyar bin Nasir Al-Nabhani wa Bani Riyam na baadaye Isa bin Salih Al-Harthi wa Sharqiya. Hili halikuwa jambo dogo, kwani Himyar aliongoza upande wa Ghafiri na Isa upande wa Hinawi, kambi mbili zilizozoea kupigana. Miji ya bara ya Nizwa na Samail ikaanguka mwaka huohuo. Hata Unguja wito ulisikika: Abu Muslim Al-Bahlani, kadhi na mshairi aliyeishi huko, alitunga mashairi ya Kiarabu kuunga mkono Uimamu. Faisal alifariki Oktoba 1913, akamwachia mwanawe Taimur dola iliyokomea pwani. Januari 1915 jeshi la Imamu lilishambulia Bait al-Falaj, nyuma ya Matrah, na askari wa Kihindi wa Uingereza wakalirudisha nyuma kwa hasara kubwa.

Hapo pande zote mbili zikakwama. Bara haikuweza kuitwaa bandari, wala bandari kuitawala bara. Kilichovunja mkwamo ni forodha. Ronald Wingate, wakala wa Uingereza Maskati, alishauri mazao ya bara yatozwe ushuru wa adhabu. Tende na makomamanga hayakuwa na njia nyingine ya kwenda sokoni. Mwenye mashamba aliumia msimu uleule. Julai 1920 Imamu Salim aliuawa, akachaguliwa Muhammad bin Abdullah Al-Khalili, na mazungumzo yakawezekana.

Yalifanyika Sib, mji wa pwani magharibi ya Maskati. Upande wa Sultani uliahidi kutotoza zaidi ya asilimia 5 kwa mali iliyotoka bara kwenda Maskati, Matrah, Sur na miji mingine ya pwani, kuwaacha watu waingie na kutoka, kutowapa hifadhi wahalifu, na kutoingilia mambo ya ndani ya watu wa bara. Hao nao waliahidi amani, njia wazi kwa wafanyabiashara, kuwafukuza wahalifu, na madai ya wafanyabiashara kuamuliwa kwa sharia. Mazungumzo yalikaribia kuvunjika kwa sababu ya cheo: watu wa bara walitaka neno Imamu liandikwe, na Wingate alikataa, ili lisionekane kuwa la mtawala aliye sawa na Sultani. Njia iliyopatikana ni Isa bin Salih kutia saini kwa niaba ya upande wake. Ulikuwa ujanja wa kalamu, na uliahirisha tu swali la nani anamiliki nini.

Mkataba haukugusa kila kona. Sur ilibaki mfupa mgumu. Aiqa, ng'ambo ya hori la mji huo, ilikuwa mikononi mwa Bani Bu Ali, kabila lililowahi kukishinda kikosi cha Waingereza mwaka 1820 na kupigwa vibaya mwaka uliofuata. Baada ya Sib, amiri wao Ali bin Abdullah alidai haki ya forodha ya Aiqa, na ugomvi huo ukaendelea hadi miaka ya 1930. Hapa hapakuwa na Imamu wala suala la madhehebu, maana Bani Bu Ali ni Wasunni. Palikuwa na gati na madai ya nani apokee ushuru wake, na kwa maoni yetu ndipo kiini cha mzozo mzima kinapoonekana waziwazi.

Mpango wa Sib ulidumu takriban miaka 35. Uliharibiwa na mafuta, kwa kuwa ardhi iliyotakiwa kuchimbwa iko bara na mkataba wa uchimbaji ulikuwa na saini ya Sultani. Imamu Al-Khalili alifariki mwaka 1954, na Desemba 1955 Sultan Said bin Taimur aliingia Nizwa. Wafuasi wa mrithi wa Al-Khalili, Imamu Ghalib bin Ali, walipigana hadi 1959, kisha wakapeleka madai yao Umoja wa Mataifa, ambako mkataba wa Sib ulijadiliwa kwa miaka kadhaa, upande mmoja ukiutaja kuwa mapatano ya dola mbili, mwingine kuwa maelewano ya mtawala na raia zake.